Marafiki Wasio na Haraka

Wanaowasengenya Wachina hapa Lubumbashi hawana shukrani. Kati ya 2008 na 2009 tulipatana kindugu: wao wachukue shaba na kobalti ya Kolwezi, sisi tupate barabara na hospitali za dola bilioni 3. Mwaka 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali wakahesabu, wakakuta milioni 822 ndizo zimefika kwenye ujenzi. Jamani, miaka 15 tu! Union Minière ya Wabelgiji ilichimba karibu miaka 60 bila kutuahidi hata kalavati. Mwenye pupa ni shaba yenyewe: usiku na mchana inakimbilia mpakani Kasumbalesa, haingoji barabara ikamilike. Ndani ya Sicomines, kampuni yetu ya pamoja ya uchimbaji, wao asilimia 68, sisi 32. Mgeni hupakuliwa kwanza. Mwaka 2024 ahadi ilipandishwa hadi bilioni 7. Nani mwingine Afrika ana ahadi inayokua hivyo?