Namna ya Kuwa Bingwa wa Ngozi Bila Kukanyaga Chuo

Wengu likivimba, jirani hana la kusema. Lakini toka nje na kipele kimoja shavuni, na kabla hujafika kituo cha daladala utakuwa umeshapewa majina matatu ya ugonjwa na dawa nne za kupaka. Fani hii ina ushindani. Anayetaka kuwazidi majirani hana budi kuwa na Kilatini kidogo, na rula.

Anza na rula. Siri kubwa ya mabingwa ni sentimita moja. Doa bapa lisilozidi hapo huitwa makula. Likizidi, ni pachi. Kipele kigumu kilichoinuka ni papula, kikinenepa ni nodula. Lengelenge dogo ni vesikula, kubwa ni bula, na lenye usaha ni pastula. Kwa hiyo mgonjwa akirudi wiki ijayo na doa limetanuka kidogo, usimwambie hali imekuwa mbaya. Mwambie doa lake limepandishwa cheo. Vitabu vingine huweka mpaka kwenye nusu sentimita. Ukikosolewa, jibu kwamba wewe unafuata vile vingine.

Utaratibu huu tuliachiwa na Robert Willan, daktari wa London, ambaye mwaka 1798 alianza kuchapisha kazi yake iliyogawa magonjwa ya ngozi katika makundi 8 kwa kufuata yanavyoonekana kwa macho. Yanasababishwa na nini, hilo lilisubiri. Kule Paris, Jean-Louis Alibert aliona mgonjwa mwenye uvimbe unaofanana na uyoga, na mwaka 1806 ukapatikana ugonjwa wa maikosisi fangoidesi. Baadaye ikajulikana ni saratani ya chembe nyeupe za damu, na fangasi hawamo kabisa. Jina limebaki mpaka leo, maana jina la kitabibu likishakaa haling'olewi kwa kosa dogo kama la kutokuwa kweli.

Jihadhari na majina ya mtaani: harara, utangotango, mapunye, mkanda wa jeshi. Yanaeleweka na kila mtu, na kinachoeleweka hakilipiwi. Badala ya mkanda wa jeshi sema hapisi zosta, na usimwambie mtu kwamba zosta kwa Kigiriki ni mkanda. Mgonjwa akilalamika, "Daktari, ngozi imevimba na inaniwasha," kunja uso, andika, kisha tamka: "Dematitisi." Yaani ngozi imevimba na inawaka. Akiuliza sababu, ongeza "idiopathiki," ambayo maana yake ni kwamba haijulikani. Ataondoka amefarijika, akiwa amelipia maneno yake mwenyewe.

Usisahau erithema, yaani wekundu. Itaje hata kama mgonjwa ni mweusi tii na wekundu huuoni, kwa sababu picha za vitabuni ni za Wazungu na kitabu hakibishiwi. Kwenye ngozi nyeusi sehemu iliyowaka mara nyingi huonekana zambarau, kijivu, au nyeusi zaidi ya ngozi ya pembeni. Mwaka 2020 Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alitoa na wenzake kitabu cha mwongozo chenye picha za ngozi kama zetu. Usikisome. Ukikisoma utaanza kumwangalia mgonjwa.

Sasa tuje kwenye tyubu, maana bingwa bila tyubu ni mpiga porojo tu. Choa ni adui wa taaluma yako: duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pamenyooka, hata mtoto wa darasa la pili analitambua. Dawa ni kulipaka krimu yenye steroidi kali, ile ile inayotiwa kwenye mkorogo. Muwasho hutulia ndani ya siku chache, ukingo hufutika, mgonjwa hukushukuru. Chini yake fangasi anaendelea kula bila bughudha. Tyubu ikiisha, anarudi mpana kuliko alivyoondoka, hana tena duara wala ukingo, na hata daktari wa kweli anaweza kupita asimjue. Madaktari Ive na Marks walimwandika mwaka 1968 kwa jina la tinia inkognito. Fangasi wa kawaida umempa cheo cha jasusi, kwa tyubu moja ya dukani.

Kuhusu maswali, usiulize. Ukimuuliza mama kama muwasho unazidi usiku, na kama wapo wengine nyumbani wanaojikuna, anaweza kukujibu kwamba baba na watoto wote wanajikuna, hasa katikati ya vidole. Basi umekwisha. Ni upele, nyumba nzima itapakwa dawa siku moja, hata wasiowashwa, mashuka yatafuliwa kwa maji ya moto, na hakuna atakayekumbuka Kilatini chako.

Pamoja na hayo, kuna baka moja usilifanyie utani. Rangi yake imefifia kuliko ngozi inayolizunguka, haliwashi wala haliumi, na ukiligusa kwa pamba mwenyewe akiwa amefumba macho, hasikii. Hilo usilipe jina wala krimu. Linaweza kuwa ukoma, ambao ukicheleweshwa huharibu mishipa ya fahamu na kulemaza vidole. Mpeleke kituo cha afya. Matibabu ni miezi 6 kwa mwenye mabaka yasiyozidi 5, au 12 kwa aliyezidisha, na tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani hutoa dawa hizo bure.