Dola ya Juzi

Lubumbashi mfuko wa simenti hutajwa kwa dola na kulipwa kwa faranga. Faranga ya Kongo ilirudi mwaka 1998 kuchukua nafasi ya zaire mpya, ila dola ilikuwa imeshajikalisha sebuleni na haikuona sababu ya kuondoka. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa kama faranga 2,800, lakini kwenye kaunta hakuna anayeridhika na "kama". Watu huuliza kiwango cha leo ni ngapi.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la mtaa wa Kenya alichoka kuuliza. Akamwita kijana wa programu ili kompyuta imjibu.

Kijana akapanga majedwali mawili: la bidhaa, bei zikiwa za dola, na la viwango, kila tarehe na kiwango chake. Kuyaunganisha kwa SQL ni mistari michache, lakini vijana wa siku hizi SQL huiona kazi ya wazee. Yeye alitumia SQLAlchemy, maktaba ya Python aliyoanzisha Mike Bayer, iliyotoka mwaka 2006. Humo kila safu mlalo ya jedwali hugeuka kitu cha programu, na uhusiano wa majedwali hutangazwa mara moja tu. Akatangaza: bidhaa iungane na kiwango ambacho tarehe yake ni leo.

Leo ipi? Python husoma tamko hilo programu inapowashwa, hukokotoa tarehe papo hapo, na haiulizi tena. Kwa kompyuta ile, leo ilikuwa siku ilipoamshwa.

Kosa halikuonekana, na hapo umeme unastahili sifa. Ulikatika karibu kila siku. Uliporudi, programu iliwashwa upya na tarehe ikajisahihisha. Kisha ukaja wakati umeme ukatulia. Mtaa mzima ulishangilia, majokofu yakagandisha barafu ya kweli, na dola ikapanda huku duka likiuza kwa kiwango cha juzi.

"Mwanangu," mama alimpigia simu, "mbona wateja wananipenda hivi?"

Kijana akaing'oa tarehe kwenye muungano, akaipeleka kwenye kichujio cha WHERE, itolewe upya kila swali linapoulizwa. Ikafanya kazi mpaka Jumapili. Jumapili hakuna aliyeingiza kiwango. Muungano wa kushoto kwa kawaida huibakiza bidhaa hata isipopata mwenzake, na upande wa pili huachwa mtupu. Lakini WHERE hufika baadaye, haikuti tarehe ya leo, kisha hufagia. Mama alitoka kanisani, akafungua duka, akakuta kwenye skrini hana hata msumari mmoja. Misumari yenyewe ilikuwa imemzunguka pande zote.

Dawa ilikuwa kuirudisha tarehe ndani ya sharti la muungano, ila kama kigezo chenye nafasi wazi. SQLAlchemy ina bindparam, nayo hukubali kupewa fanksheni ya kuitwa badala ya jibu lililokwisha kukokotolewa; fanksheni hiyo huitwa swali linapotekelezwa. Siku isiyo na kiwango, bidhaa hubaki na sehemu ya faranga huachwa wazi. (Lilibaki suala la saa: kompyuta ilikuwa imewekwa saa za Kinshasa, ambayo iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja, kwa hiyo baada ya usiku wa manane "leo" ilichelewa kuingia. Saa hiyo hakuna anayenunua mabati, kijana akaliacha kwa muda.)

Mama alikagua bei mpya, akatikisa kichwa, akamwita kambisti, mbadilishaji fedha aliyeketi nje na mabunda yake ya noti. Kiwango cha kambisti kilikuwa tofauti na cha benki.

"Wewe umeweka cha nani?" akauliza.

Kijana akavuta kiti, akafungua tena sharti la muungano, akaongeza kigezo cha pili.