Mama, Weka Tena

"Samahani mama, vidole vyako havipo."

Kijana alilisema hilo kwa upole kabisa, lakini duka lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na upole wa namna ile kwenye foleni ni tangazo. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya kaunta, vidole vyote vitano, kimoja kina pete. Nikavitazama. Yeye akavitazama. Mlinzi naye akaacha mlango akasogea avitazame.

"Vipo," nikamwambia.

"Vipo, ila havisomi."

Na hapo alikuwa ameshaniaibisha mara ya kwanza. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, tena mwaka ndio unatangulia. Kijana huyu ana tabia ya kuzisoma kwa sauti anapoziingiza kwenye mashine, asije akakosea. Nyuma yangu alisimama jirani ambaye siku zote namwita dada, naye ananiita mdogo wangu. Tarakimu ya nne ilipotamkwa nikasikia ameguna. Sasa anajua nani alipaswa kumwamkia mwenzake miaka yote hii.

Nilichokifuata pale kilikuwa kidogo. Simu ilikwenda na kibaka kituo cha Gerezani wakati wa kugombania mwendokasi. Simu na iende, nikasema, nirudishiwe namba yangu tu, maana namba hiyo ndiyo pochi, ndiyo benki, ndiyo kikoba, na ndiyo wanayoijua ndugu wa kijijini wanaonikumbuka kila wakiwa na msiba au mahari. Bango la ukutani lilikuwa na picha ya msichana anacheka, na chini yake maneno kwamba kurudisha laini ni suala la dakika chache.

"Weka tena, mama."

Nikaweka.

"Bonyeza kidogo." Nikabonyeza. "Usibonyeze sana." Nikalegeza. "Kilaze." Nikakilaza. "Futa kwanza." Nikafuta kwenye kanga. "Weka cha kati." Nikaweka cha kati. Mashine ikatoa mlio mfupi ambao sikuhitaji kutafsiriwa.

Foleni ikaanza kunihurumia, na huruma ya foleni ya Dar es Salaam haiji mikono mitupu, inakuja na dawa. Mmoja akasema nisugue kidole kichwani, mafuta ya nywele yatashika. Nimevaa ushungi. Mwingine akasema limau. Mzee mmoja, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi, akasema mate. Dada, yule ambaye si dada tena, akachomoa kopo la mafuta ya mgando kwenye mkoba akanipaka mwenyewe, kidole baada ya kidole, kwa ukali kidogo kuliko ilivyohitajika. Kioo kikachafuka. Kijana akakifuta kwa pindo la fulana yake yenye nembo ya kampuni, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana niliyoiona nembo ile ikifanya siku nzima.

"Weka tena, mama."

Nilirudi nyumbani bila laini, na hasira zikanipeleka kusoma habari za vidole. Nakiri kwamba hasira zenyewe zilipungua kwa muda, maana ni jambo la ajabu. Ile mistari ya vidoleni tunaumbiwa tumboni, mimba haijatimiza miezi sita, na namna inavyojipinda inategemea hata jinsi mtoto alivyojisukuma mle ndani. Ndiyo maana pacha na pacha mwenzake, wanaomchanganya hata mama yao, hawalingani vidole. Mashine nayo haijali kidole chako ni kizuri au kibaya. Inatafuta vituo vya aina mbili tu: pale mstari unapoishia, na pale unapogawanyika njia panda. Inaandika kila kituo kiko wapi na kimeelekea upande gani, inageuza vyote kuwa tarakimu, kisha inauliza kwenye hifadhi ya vitambulisho: huyu mwenye namba hii, vituo vyake ni hivi?

Shida iko kwenye kioo. Kwa mashine nyingi za kaunta mwanga hupigwa kutoka chini, mstari uliogusa kioo unaonekana mweusi na bonde lililo katikati ya mistari linabaki jeupe. Kidole kikiwa kikavu hakikigusi kioo sawasawa, kwa hiyo mstari mmoja unatokea vipandevipande, na kila kipande kina mwisho wake. Mashine inahesabu miisho ambayo Mungu hakuiweka. Ukikiloweka, au ukikipaka mafuta ya jirani mwenye hasira, mabonde yanajaa na kidole kizima kinakuwa doa. Ukibonyeza sana, mistari inabanana. Kumbe kijana aliposema bonyeza lakini usibonyeze, alikuwa anafundisha fizikia.

Na vitu vinavyofuta mistari ni vingi. Jiki, sabuni ya unga, steliwaya ya kusugulia masufuria. Saruji ina ukali unaokula ngozi. Ganda la korosho lina utomvu unaounguza, waulize akina mama wa Mtwara wanaobangua kwa mikono. Umri nao: ngozi inalegea, mistari inashuka. Mimi nimefua na kuosha vyombo tangu nikiwa mtoto na vidole vyangu vimekuwa sahani ya bati iliyosuguliwa kwa mchanga, inang'aa lakini maua yake hayaonekani. Mizizi ya mistari iko kwenye ngozi ya ndani, kwa hiyo ukiipumzisha mikono, alama hurudi zenyewe. Dawa ya kweli basi si limau wala mate, ni likizo. Sijasikia mbangua korosho aliyepewa likizo ili laini yake isajiliwe.

Hapa ndipo kicheko kiliponitoka mdomoni kikageuka kitu kingine. Niliporudi dukani na mikono iliyopumzishwa kadiri ilivyowezekana, mbele yangu alikuwa fundi wa kujenga, kucha nyeupe kwa saruji. Alikuwa anatafuta kitu kilekile. Kijana akamwambia aweke, akaweka, mlio mfupi. Akamwambia ajaribu mkono mwingine. Fundi akatoa kitambulisho chake cha taifa, kadi yenyewe, picha yake, sahihi yake. Kijana akaishika, akaitazama picha, akamtazama fundi, akasema maneno ambayo yangefaa kuchongwa juu ya mlango wa ofisi nyingi nchini:

"Naona ni wewe kabisa kaka. Ila mfumo haukubali."

Naona ni wewe. Macho mawili ya binadamu yameona, kadi ya serikali imethibitisha, foleni nzima iko tayari kuapa. Na hakuna mtu ndani ya jengo lile, kuanzia mlinzi hadi meneja aliyejifungia nyuma ya kioo cheusi, mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Wote wana uwezo wa kusema hapana kwa niaba ya mfumo. Nikauliza meneja yupo? Yupo kikaoni. Kikao cha nini? Cha kuboresha huduma kwa wateja.

Kidole chetu kimeombwa zamani. Mwaka 1858 ofisa mmoja Mwingereza huko Bengal, William Herschel, alimchovya mzabuni kiganja kwenye wino na kumgongesha kwenye mkataba, ili asije akaukana. Kenya, sheria ya kipande ya 1915 ilianza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwanamume Mwafrika akatembea na alama za vidole vyake ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Wale angalau hawakujificha: waliomba kidole kwa sababu hawakutuamini. Siku hizi tunaombwa kwa usalama wetu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza hapa Mei 2019, tukapewa hadi mwisho wa mwaka, Rais Magufuli akaongeza siku 20, hadi 20 Januari 2020, na wanaokumbuka foleni za vitambulisho za msimu ule hawahitaji nieleze zaidi. Sababu tuliyopewa ilikuwa nzuri: matapeli watajulikana.

Basi niambieni. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unanifikia hadi leo, kutoka namba mpya kila mara, na kila namba ina mtu aliyeweka kidole. Cha nani? Ujanja wenyewe unajulikana. Wakala asiye mwaminifu, chini ya mwavuli wake, anakuambia weka tena, haijakubali. Weka tena, mtandao unasumbua. Nawe unaweka, na kila unapoweka inasajiliwa laini nyingine kwa jina lako, inayouzwa kwa mtu usiyemjua. Tapeli hajawahi kupaka limau. Anatumia kidole cha mama mmoja mwenye subira.

Sasa rudini mhesabu ni mara ngapi mimi nimeambiwa weka tena.

Mengine niyapitie haraka. Karatasi ya polisi ya kupotelewa mali, ambayo mjini wote tunaiita losi ripoti, inalipiwa kwa namba ya malipo, na namba ya malipo inalipwa kwa simu. Niliyopoteza ni simu. Alinilipia muuza vocha, kwa riba ya kumsikiliza.

Nikapiga huduma kwa wateja kwa simu ya binti yangu. Wakanihakikishia kwamba simu yangu ni muhimu kwao, wakanipigia muziki, muziki ukakatwa na tangazo la jinsi ilivyo rahisi kurudisha laini, kisha muziki tena. Alipopatikana binadamu aliniuliza namba tano za mwisho nilizopiga. Mwanangu, nikamwambia, namba hizo anazo kibaka, muulize yeye. Akasema basi, mama, kwa usalama wako tunakutumia namba ya siri ili tuthibitishe kuwa ni wewe. Mnaituma wapi? Kwenye laini yako.

Benki walisema hawawezi kubadilisha namba yangu ya simu mpaka nithibitishe kupitia namba ninayotaka kubadilisha.

Wa maji walisema bili imetumwa kwa ujumbe mfupi, na faini pia.

Kidole kilichokubali mwishoni ni cha mwisho, mkono wa kushoto, ambacho nadhani hakijafanya kazi yoyote tangu nizaliwe. Kijana alishangilia kuliko mimi. Fundi wa saruji sikumwona tena, na sijui kama alipata. Laini ikarudi hewani, na ujumbe wa kwanza kuingia, kabla hata ya kikoba kuuliza mchango wangu, uliniomba niseme kwa kipimo cha 0 hadi 10 niko tayari kiasi gani kuipendekeza kampuni kwa ndugu na marafiki. Nikajibu 0. Ukaja mwingine unashukuru kwa maoni yangu yenye thamani.

Kisha nikapiga *106#, nifuate maelekezo nione ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu. Yangu ilikuwepo. Chini yake ilikuwepo nyingine, siijui, sijawahi kuishika. Nikarudi dukani kuomba ifutwe. Kijana akaitazama, akasikitika kwa dhati, akanieleza utaratibu: kufuta laini kunahitaji uthibitisho wa alama ya kidole. Nikampa kile cha mwisho, mkono wa kushoto. Siku hiyo nacho kilikataa.

Namba ile iko hewani mpaka naandika haya. Kwa hiyo nanyi pigeni *106# leo, msingoje kuibiwa simu. Na ukipata ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii, ukaingiza namba, likatokea jina la mwanamke mtu mzima mwenye heshima zake, tafadhali usitume. Si mimi.