Sifa za Riwaya Isiyo na Mtu Ndani

Washairi wa pwani wametuachia swifa za haki. Fumo Liyongo ananasibishwa na Swifa ya Mwana Manga, inayomsifu mrembo. Hasani bin Ismail akatunga utenzi mzima wa kumsifu mganga Nguvumali. Mimi kazi yangu ni kuhakiki vitabu, ninacholetewa ndicho ninachosoma, basi sina mrembo wala mganga. Nina riwaya ya mapenzi yenye kurasa mia tatu kasoro, jalada lenye waridi jekundu juu ya kitanda cheupe, na jina ambalo nitalisitiri. Na niisifu, kwa kuwa kila niliyemuuliza ameisifu bila kuifungua.

Sifa yake kuu ni wahusika. Mwaka 1927 E. M. Forster aliwagawa wahusika wa riwaya mafungu mawili, na walimu wetu wa fasihi wakayapokea: bapa na duara. Wengi hulitaja fungu la kwanza kwa dharau. Ni kukosa shukrani. Mhusika duara anasumbua! Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, anaanza akiwa binti mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee wa umri wa kumzaa. Ukidhani umemwelewa, kashamkimbia mume. Hujakaa vizuri, yumo mapenzini na Denge, mtu wa siasa anayewindwa na serikali ya kikoloni. Msomaji hapumziki. Kitabu umekifunga, umeingia jikoni, bado unabishana na Yasmin.

Wahusika wa riwaya yetu ni bapa, hawana ukorofi huo. Shujaa ni tajiri. Ukurasa wa kwanza ni tajiri, wa mwisho ni tajiri, na katikati hatuambiwi anafanya kazi gani, maana kazi ingempa tabia. Bibiye ni mrembo: umbo namba nane, rangi ya maji ya kunde, meno meupe kama theluji, na kisa chote kiko Dar es Salaam mwezi wa Januari. Analia. Kapata barua, analia. Kavishwa pete, analia. Vitunguu havihusiki, hajawahi kuonekana akipika. Hasimu wake hucheka kwa dharau kila anapoingia chumbani, hata chumba kikiwa kitupu. Niambie, mtaani kwako yupo nani wa kuaminika kiasi hicho? Jirani aliyekuchangamkia jana leo kanuna. Fundi aliyeapa Jumatatu kahamia Ijumaa. Lakini huyu hasimu, mfungulie sura yoyote, atacheka. Ukiruka sura tatu hujapitwa na kitu. Ukianzia nyuma, mapenzi yanasonga vilevile. Na uthabiti wa penzi lenyewe! Kijana anaitwa Kelvin mpaka sura ya saba. Kuanzia ya nane anaitwa Melvin. Bibiye hakushtuka. Aliendelea kumpenda kwa machozi yaleyale, mama mkwe akaendelea kumwita mwanangu, nami nikaelewa kwamba mapenzi ya kweli hayatazami jina.

Zipo na sifa ndogondogo. Herufi zake ni kubwa, wazee hawahitaji miwani. Haiibiwi: niliisahau kwenye daladala, konda akanikimbilia nayo mpaka nje ya kituo. Wala haitapigwa marufuku. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ilizuiwa shuleni, na aliyeiponza ni Rosa mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu, binti wa baba mkali anayefika chuoni na kubadilika mbele ya macho yetu. Kelvin hatamtia mzazi yeyote wasiwasi. Melvin pia. Tena wanafaa mtihani: swali la kujadili sifa za wahusika linajibika kwa mstari mmoja kila mtu, na msahihishaji anawahi nyumbani.

Ila hilo la Kelvin na Melvin limenikaba. Si kosa la chapa. Ni ushahidi kwamba hakuna aliyesoma. Mchapishaji alipokea hela ya mwandishi (ndiyo, siku hizi mwandishi ndiye anayelipa), akatengeneza jalada, akapeleka kiwandani. Daktari wa chuo kikuu akaandika dibaji ya kusifu ustadi wa kuchora wahusika. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikinyanyua kitabu juu kikiwa bado kimefungwa nailoni, akanunua nakala moja kwa bei ya mbuzi, tukapiga makofi, MC akaomba wengine wamuunge mkono. Ukifungua mdomo unaambiwa una wivu, tuwatie moyo waandishi wetu. Moyo gani? Hujamsoma, unamtiaje moyo?

Nasema hivi kwa sababu kitabu hiki kina ukurasa mmoja hai. Mama mkwe, ambaye kwingine kote yupo kwa ajili ya kusonya tu, ameketi ukingoni mwa kitanda usiku. Anafungua fundo kwenye pindo la kanga, anahesabu noti za mahari ya mwanawe, anakuta pungufu, anazigeuza na kuzihesabu upya kuanzia upande wa pili. Bado pungufu. Anazifunga, anamwita mwanawe, anamwambia zimetimia. Niliurudia ukurasa huo. Na ukijiuliza kwa nini mama wa tajiri ahangaike na mahari, pengine utajiri wenyewe ni wa kuazima, umeshaanza kusoma riwaya nyingine, nzuri, ambayo haikuandikwa. Aliyeandika ukurasa ule anajua kuandika. Mhariri mmoja mwenye kalamu nyekundu angemwambia: dada, riwaya yako ni huyu mama, hao wengine waache waende zao.

Nikampigia mwandishi nimwambie hayo. Aliniwahi kwa habari njema: sehemu ya pili imeshakwenda kiwandani. Mama mkwe anafariki sura ya kwanza ili harusi ipate nafasi. Ukumbi umelipiwa, na mgeni rasmi amekwisha kupatikana.