Fisi Atafuta Mchochezi

Mwaka Fisi alipopewa ukuu wa sekondari ya mbugani, jambo la kwanza alilofanya ni kulikata darasa la Kidato cha Tatu nusu kwa nusu. Upande mmoja ukabaki wa wanafunzi, wa pili ukawa stoo ya mifupa, ambayo kwenye taarifa ya bodi iliitwa maktaba. Kisha akapokea nyumbu wote waliokuwa wakipita kufuata mvua, maana kila kichwa kilikuja na karo yake. Mwisho akaezua makuti, akapiga mabati, akamwita Simba aje kukata utepe.

Kemia ilifundishwa na Kobe, na aliyeongoza somo hilo ni Kasuku. Ukitaja sheria ya Boyle tu, anaimwaga yote na nukta zake: kanieneo ya gesi iliyofungiwa hupanda kadiri ujazo wake unavyopungua, halijoto isipobadilika. Ukimuuliza kanieneo yenyewe ni nini, anairudia ileile kwa sauti kubwa zaidi. Wapo walimu ambao wangempa alama zote. Ndio wengi.

Siku moja Kobe akaja na bomba la sindano lisilo na sindano. Akalijaza hewa, akaziba mdomo wa bomba kwa ukucha, akampa Nguchiro asukume. Kipini kikaingia hadi nusu, kikagoma. Alipokiachia kikarudi nyuma chenyewe.

"Mwalimu," Nguchiro akauliza, "humo ndani nani anayesukuma?"

Darasa likacheka. Kobe hakucheka.

"Hakuna aliyekusudia kusukuma," akasema. "Molekuli za hewa unayovuta sasa hivi hukimbia karibu mita 500 kwa sekunde, kila moja na njia yake. Ikifika ukutani inagonga, inarudi. Kishindo cha moja hata kiroboto hakisikii. Lakini zinagonga mamilioni kwa mamilioni, hazipumziki, na jumla ya vishindo hivyo ndiyo kanieneo. Ukibana chumba, hazijawa kali. Zinaufikia ukuta mara nyingi zaidi, basi. Robert Boyle alilipima jambo hili kwa zebaki ndani ya mrija wa kioo uliopindwa, akalichapisha mwaka 1662. Aliyekuja kulieleza kwa chembe zinazokimbia ni Daniel Bernoulli, mwaka 1738, na kwa muda mrefu wakubwa wa elimu walimpuuza."

"Na joto?" akauliza nyumbu mmoja aliyebanwa chini ya bati.

"Joto linaziongezea mbio."

Kasuku akadakia: nyuzi 20 zikiwa 40, kanieneo mara mbili! Kobe akatikisa kichwa. Katika hesabu hii, akasema, mnaanzia kwenye baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri. Kwa hiyo 20 ni 293, na 40 ni 313, nyongeza isiyofika asilimia 7. "Bati peke yake haling'oi mlango. Lakini nusu ya chumba ni mara mbili, na vichwa maradufu ni mara mbili tena. Hapo mmefika mara nne kabla jua halijachomoza."

Fisi alikuwa dirishani. Katika yote hayo alisikia maneno mawili, "zinagonga ukuta", akayaandika.

Wiki ileile, saa saba mchana, nyumbu mmoja alijikuna. Wa pili akasogea, wa tatu akageuza pembe, na mlango ukang'oka na bawaba zake. Hapakuwa na mgomo wala kikao.

Fisi hakuuliza upana wa chumba. Alitaka jina.

"Mkuu, kanieneo haina kiongozi," Kobe akamwambia.

"Kila kitu kina kiongozi. Mbona ofisini kwangu hakuna kanieneo?"

"Ipo, Mkuu. Kila sentimita ya mraba ya ngozi yako inakandamizwa na hewa kwa uzito wa karibu kilo moja. Huisikii kwa kuwa na wewe unasukuma kutoka ndani kiasi hichohicho."

Fisi akaandika tena: mwalimu anadai mkuu wa shule naye anasukuma.

Ikaundwa kamati, Mbweha mwenyekiti, Tai katibu, ikakaa hadi posho ilipokwisha. Ikaona kwamba mlango ulikosa nidhamu. Uwekwe wa chuma, na komeo liwe nje. Nguchiro akalete mzazi, kwa kosa la kuuliza nani anasukuma. Kobe ahamishiwe michezo, akafundishe mbio. Kemia apewe Kasuku.

Mlango wa chuma umekwisha kufungwa. Muhula huu nyumbu wengine wamepokelewa, na inasemekana maktaba inahitaji kupanuliwa. Mwenye mtoto Kidato cha Tatu asingoje barua ya shule; aende akamtoe sasa.