Sifa za Mheshimiwa Funza

Kiangazi kikishaingia Bunia, kuanzia Desemba, vumbi la barabara likapanda mpaka kwenye sufuria, ndipo Mheshimiwa Funza anapokuja kumtembelea mbwa wangu Bobi. Hukaribia kwenye nyayo na kupiga kambi kati ya vidole. Nimeona ni haki asifiwe, maana waheshimiwa wengine wa mji huu wana waimbaji wa kutosha.

Ni msafiri hodari. Alishuka Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, na kabla karne haijaisha alikuwa ameivuka Afrika hadi pwani ya mashariki, bila kungoja mtu atengeneze barabara ya taifa namba 4. Kabila haulizi: kwake mguu ni mguu.

Lakini sifa yake kuu ni kuheshimu muda. Jike, ambaye ndiye mchimbaji, huingia akiwa hafikii hata milimita moja, akaacha nje sehemu ya nyuma tu, ya kuvutia hewa na kutolea mayai. Hunenepa ndani humo mpaka akatosha njegere. Hutaga mayai yake kwa mamia, halafu, tazameni uungwana huu, hufa. Wiki nne, zikizidi sana sita, muhula umekwisha. Haitishi kikao. Hadai kwamba mguu bado haujatulia, wala kwamba akiondoka yeye mbwa mzima ataanguka. Akishakufa hali tena, wala hatumi mtu kuomba siku chache za kumalizia kazi.

Na usiku kucha Bobi analia! Anatafuna nyayo mpaka damu, mimi nimepiga magoti na sindano na tochi, na ile dawa niliyouziwa kwa dola ni maji ya rangi tu. Nilipomrudia muuzaji alinijibu kwa upole kwamba muda haujatosha, niongeze chupa. Kuongeza! Mji mzima unaishi kwa kuongeza.

Utawala wa kijeshi tuliletewa Mei 2021, kwa siku 30. Wengine tulipiga makofi. Kisha Bungeni Kinshasa wakaongeza siku 15, na nyingine 15, na nyingine, hata hesabu ikatushinda, na huko Djugu na Irumu watu wakaendelea kuzikwa. Funza aliyeingia mguuni siku ile ya kwanza amekufa zamani, na vitukuu vyake vimekufa, kila kimoja kwa wakati wake.

Jirani mmoja ananishauri nimwage maji uani kila asubuhi vumbi litulie, na nimpake Bobi mafuta mazito ili funza azibwe pumzi. Huyo nimemsikiliza. Mwingine anasema tumkamate funza mmoja akiwa hai, tumpeleke Bungeni akawafundishe. Nimekataa. Wasije wakamfundisha yeye.