Steringi Hafi, Mwenyeji Ndiye Anayekufa

Sina ugomvi na steringi. Steringi hafi, hilo tulikubaliana tangu enzi za mikanda ya Rambo na Komando, na aliyelipa kiingilio cha banda la video halalamiki bunduki ikimwaga risasi nusu saa bila kujazwa. Ugomvi wangu unaanza picha ikihamia kwetu. Kioo kinageuka njano kana kwamba jua letu lina homa ya manjano, ngoma zinalia, na mimi kwenye benchi naona aibu kwa niaba ya bara zima.

Kwanza jenerali. Lazima avae bereti na miwani ya jua, na acheke peke yake. Hana mke wa kumpigia simu kuulizia hela ya mboga. Kazi yake ni kuua watu wake mpaka Mzungu afike. Hapa Kidahwe, mkoani Kigoma, miwani hiyo huvaliwa na vijana wa bodaboda kwa ajili ya vumbi, na sijasikia hata mmoja aliyepindua serikali.

Ukidhani nazua, itafute Casino Royale, ile ya James Bond ya mwaka 2006. Mwanzoni tu wanatupeleka Mbale, Uganda: msitu, mvua, kambi ya waasi. Mbale! Mji wa watu wa kahawa, chini ya Mlima Elgon! Na msitu wenyewe waliupigia picha Uingereza. Black Hawk Down ya 2001 nayo, Mogadishu yake ni Morocco. Sasa kama nchi yenyewe si lazima iwepo, jina lake wanalitakia nini?

Sisi wa Ziwa Tanganyika ndio tulioonewa zaidi. Wajerumani walileta meli yao, Graf von Götzen, vipande vipande kwa reli, wakaiunga Kigoma, na mwaka 1915 ikaingia majini. Mwaka uliofuata, walipoona vita vimewaelemea, wakaizamisha wenyewe karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani, mitambo wakiwa wameshaipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. C. S. Forester akaona hapo pana hadithi, akatoa riwaya 1935. Mwaka 1951 John Huston akaigeuza picha, The African Queen, tena akaenda kuipiga Kongo na Uganda. Mwisho wake Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanaipeleka meli ya Wajerumani chini kwa kamashua kabovu. Bogart akapewa Oscar. Na marehemu mwenyewe, Liemba, miaka hiyo alikuwa anapakia abiria Kigoma kwenda Mpulungu, hana habari kwamba ameshazikwa.

Na wanakijiji je? Mwanzoni mwa picha hiyo askari wanachoma kijiji, wanawaswaga watu, basi. Baada ya hapo ni wapenzi wawili, mto na ruba. Hakuna anayeuliza wale watu walipelekwa wapi. Niliuliza mimi, kwa sauti, na kijana wa mbele akageuka: "Mzee wangu, si picha tu hiyo?"

Picha tu! Mbona mali zinazoharibiwa ni zetu kila siku? Steringi akifukuzwa lazima apite sokoni na pikipiki. Nyanya zinaruka, kuku wanaruka, mama mmoja anapiga kelele, wanapita. Kulipa hakuna. Sasa apite hapa njia panda, Kasulu kushoto au Uvinza kulia kutegemea ameelekea wapi, amwage madumu ya mawese ya mama wa watu. Hafiki tuta la pili. Bodaboda zote zimeshamzingira, mwenyekiti wa kijiji ameitwa, hesabu ya mawese iko kwenye karatasi, na dumu lililokuwa tupu nalo limehesabiwa. Bwana yule aliyeangusha helikopta kwa mshale atakaa chini ya mwembe mpaka jioni akisubiri nduguye amtumie hela kwenye simu. Hiyo ndiyo picha ningeilipia kiingilio mara mbili.

Lakini anayeniuma hasa ni mwenyeji, yule wa kuonyesha njia. Mcheshi, mchapakazi, anajua vichochoro vyote, halafu ana picha ya mwanawe mfukoni. Akishaitoa kumwonyesha steringi, benchi zima linaguna: huyo ndiyo basi tena. Anafia mikononi mwa mgeni, mgeni anapandwa na hasira, na hapo ndipo mapigano ya maana yanaanza. Mazishi hatuonyeshwi. Mjane haonekani, wala rambirambi haitolewi.

Wakija kupiga picha huku waniite, njia naijua, mpaka Ilagala nitawafikisha. Malipo mbele, chakula juu yao, picha za watoto naziacha nyumbani. Risasi ya kwanza ikilia nageuza pikipiki. Steringi atauliza njia kwa watu wa mbele huko.